Sizoni zinazokatwa bila mwisho: mnaanza kuangalia, au mnasubiri ziishe?

Fundi wa Sokomatola, Mbeya

Wakuu, habari za majukumu. Nina swali, ila nianze na kinachoniuma ili mnielewe.

Wiki hii nimemaliza Queen Sono, sizoni ya Netflix. Wengi wenu mliiona zamani maana ilitoka Februari 2020. Mimi nimeipata kwenye flash ya binti wa dada yangu anayesoma chuo cha MUST. Episodi sita tu. Steringi ni Pearl Thusi, anacheza jasusi wa Afrika Kusini, na mama yake alikuwa mpigania uhuru aliyeuawa yeye akiwa bado mtoto. Wamepiga picha Johannesburg, Lagos, Nairobi, hadi Zanzibar. Jasusi mwanamke, Mwafrika, yuko kwenye ardhi yake. Nilikuwa naangalia huku moyo unanidunda.

Episodi ya sita ilipoisha nikamwambia binti aniletee ya pili. Akanijibu, "Mamdogo, ya pili haipo na haitakuwepo."

Nikaingia mtandaoni. Kumbe Aprili 2020 Netflix walishatangaza kwamba sizoni ya pili inakuja, tena itazunguka nchi nyingi zaidi. Ilipofika Novemba mwaka huohuo wakaifuta. Sababu ni korona: hadithi iliyotapakaa bara zima haikuwezekana kupigwa wakati ule. Kagiso Lediga aliyeibuni alieleza hivyo, na namwamini, sote tunakumbuka hali ilivyokuwa. Lakini korona imepita. Ndege zinaruka, mipaka iko wazi, Pearl Thusi yupo, na hakuna aliyerudi kusema tuendelee. Kinachonichoma zaidi ni kwamba walishaahidi. Wasingesema kitu ningehuzunika kidogo nikasahau. Na haikuwa peke yake: GLOW, nyingine ya Netflix, nayo ilishapewa sizoni ya nne ya kumalizia, wakaanza hadi kupiga picha, Oktoba 2020 ikafutwa.

Ofisini kwangu tuko watatu, runinga iko juu ya meza ya kukatia. Tunashona sare za shule, kwa hiyo tunapenda zilizotafsiriwa: macho kwenye sindano, masikio kwenye runinga. Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya Azam, tuliifuata hivyo tangu mwanzo. Hata mwigizaji wa Hürrem, mke wa Sultan, alipobadilishwa, Meryem Uzerli akaondoka na kuletwa mama mwingine, tulinung'unika sana, mmoja wetu akasusa wiki nzima, lakini hadithi iliendelea hadi Sultan Suleiman anakufa. Siku hiyo tulilia na cherehani zimezimwa. Ulikuwa mwisho, na tulipewa.

Sasa njooni kwa sizoni inayoitwa 1899, nayo ya Netflix. Waliotengeneza ni walewale wa sizoni ya Dark. Dark waliipanga sizoni tatu wakapewa zote tatu, 2017 hadi 2020, na kila fundo lilifunguliwa. 1899 nayo waliipanga tatu. Ikatoka Novemba 2022, Januari 2, 2023 ikafutwa. Hata miezi miwili haikufika! Meli imejaa watu wa lugha mbalimbali, kila mmoja na siri yake, episodi ya mwisho inageuza kila kitu ulichodhani unakijua, halafu basi. Mimi siwezi kumkabidhi mteja gauni lenye mkono mmoja nikamwambia kitambaa kimepanda bei.

Kwa hiyo naomba kujua. Nyie mnafanyaje, mnaianza sizoni ikiwa bado inaendelea au mnasubiri mpaka mhakikishe ina mwisho? Na la pili: sisi tunaoangalia kwa flash huku Mbeya, kuna mahali popote tunahesabiwa? Tukipenda kitu, wenye nacho wanajua?

Nawasilisha.

Kijana wa Kabwe, Mbeya

Shikamoo mama. Kazi yangu ndiyo hiyo ya kuwaingizia watu movie na sizoni kwenye flash na simu, hapa Kabwe, kwa hiyo hili swali nalisikia kila siku. Mteja akifika anauliza mambo mawili: imetafsiriwa? Imeisha? Wanaokazania la pili kuliko wote ni madereva wa malori. Mtu anakwenda kukaa foleni Tunduma, hajui atavuka lini, hataki kitu cha kumwacha njiani. Ananiambia nipe ile inayoitwa 24, zote, nipe Prison Break zote, inayoendelea mpe mwingine.

Ukutani nimebandika karatasi tatu nilizoandika kwa mkono: zilizoisha, zinazoendelea, zilizokatwa. Hiyo ya tatu ndiyo inayosomwa kwa makini. Kuna anayeisoma akasema basi, niondolee hiyo. Kuna anayesema weka hivyohivyo.

Mimi niko na hao wa weka hivyohivyo, na sababu yangu ni Mindhunter, ya wapelelezi wa FBI wanaowahoji wauaji gerezani. Ya kwanza ilitoka 2017, ya pili 2019, Januari 2020 waigizaji wakaachiwa waende kwenye kazi nyingine, na 2023 mwongozaji wake David Fincher mwenyewe akasema wazi kwamba imekwisha, ilikuwa inakula fedha nyingi kuliko watazamaji iliowaleta. Humo kuna yule jamaa wa Kansas. Unamuona dakika chache tu kila mara, anaweka mambo yake sawa, hakuna polisi hata mmoja anayemjua. Huyo alikuwa muuaji wa kweli, na katika maisha ya kweli alikamatwa 2005. Hadithi ilikuwa inaelekea huko na hatukufika. Inauma kweli. Lakini yale mahojiano ya gerezani, mpelelezi Holden amekaa meza moja na muuaji Ed Kemper, jitu lile linaongea taratibu kama linakusimulia habari za shamba! Siwezi kukubali kwamba ningeishi bila kuyaona kwa sababu tu sizoni haina mwisho.

Mwana Kihesa, Iringa

Kamwene dada fundi. Nijibu la pili maana ndilo gumu. Hapana, flash haihesabiwi. Anayekwambia vinginevyo anakufariji.

Vituo vya kawaida vya Marekani, kama NBC, CBS na Fox, vinaishi kwa matangazo. Kampuni ya Nielsen inapima nani ameangalia nini kwenye kaya zilizochaguliwa, na watangazaji kwa miaka mingi wamethamini zaidi watazamaji wa umri wa miaka 18 hadi 49. Mei kila mwaka ni mwezi wa presha huko, ndipo vituo vinapowaonyesha watangazaji ratiba mpya, na ndipo sizoni nyingi zinapofutwa. Mei 2018 Fox waliifuta Brooklyn Nine-Nine, kesho yake NBC wakaichukua. Mwezi huohuo wakaifuta Lucifer, Netflix wakaiokota Juni, ikaenda hadi sizoni ya sita mwaka 2021.

Netflix hesabu yao ni nyingine. Mwaka 2019 walilieleza Bunge la Uingereza kwamba kaya wanazigawa mafungu: walioanza, walioangalia, na waliomaliza, yaani waliofika asilimia 90 ya sizoni. Mtayarishaji anapewa takwimu hizo za siku 7 za kwanza na za siku 28 za kwanza. Kisha zinawekwa mezani pamoja na gharama. Ted Sarandos, mmoja wa mabosi wao, alisema Januari 2023 kwamba hawajawahi kufuta kitu kilichofanikiwa, zinazofutwa ni zile zinazoongea na watu wachache kwa bajeti kubwa. Siku hizi wanatoa hadi ripoti. Januari hadi Juni 2023 The Night Agent iliangaliwa saa milioni 812. Hiyo ilitoka Machi 23, na haikumaliza wiki ikaongezewa sizoni ya pili.

Sasa dada, angalia mtego ulipo. Watu wakishaumizwa na zilizokatwa wanaamua kusubiri. Wakisubiri, zile siku 28 zinapita wao hawamo. Hesabu inatoka ndogo, sizoni inafutwa, nao wanaumia upya na kuapa kusubiri zaidi. Ndiyo maana mimi sisubiri kamwe. Kikitoka kitu ninachokipenda nanunua bando la usiku, naangalia mpaka episodi ya mwisho, na episodi ya mwisho naiacha mpaka majina yote yapite. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja amezoea mwanga wa simu saa nane usiku. Ni kitu kidogo sana, lakini kinaandikwa mahali.

Fundi wa Sokomatola, Mbeya

Nimekusoma mdogo wangu, na umeniondolea raha. Kwa hiyo ninaposubiri kwa kuogopa isikatwe, nakuwa kati ya wanaoikata?

Lakini bado sijaridhika na hilo la flash. Msichana ninayemfundisha kazi anaweza kukusimulia 1899 chumba kwa chumba, nani alilala wapi, nani alibeba nini. Anajua zaidi ya mtu aliyelipia akasinzia. Huyo si mtazamaji? Najua mtasema hajalipa, na ni kweli, hajalipa. Mshahara wa mwanafunzi wa cherehani mnaujua. Ninachosema ni kwamba mapenzi yake yapo, na hayaonekani popote.

Mwalimu mstaafu, Tukuyu

Hamjambo wanangu. Mimi si mtu wa flash, ila hadithi inayoendelea naijua tangu redioni. Mwaka 1993 Radio Tanzania walianza Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Watu wa rika langu ukiwatajia Mkwaju wanamkumbuka mpaka leo. Dereva wa lori, nyumbani ana mke, Tunu, na kila kituo anacholala ana mwanamke. Sisi wa barabara ya kwenda Kyela na Tunduma tulikuwa tunawajua akina Mkwaju kwa majina yao halisi. Alipoanza kuugua UKIMWI, nyumba yangu nzima ilinyamaza. Na Tunu alivyojifunza kusimama mwenyewe, mke wangu alikuwa akimsemea kama dada yake wa tumbo moja.

Nataka kumwambia huyu kijana wa Iringa kwamba hadithi ile haikutegemea matangazo ya biashara wala hizo siku 28. Ililipiwa kwa sababu ilikuwa na kazi ya kufanya, uzazi wa mpango na UKIMWI. Hata hivyo hesabu nayo ilikuwepo. Watafiti walitaka kupima kama mchezo unabadilisha watu, kwa hiyo kuanzia 1993 hadi 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha, kilirusha vipindi vyake vingine, ili watu wa huko walinganishwe na sisi tuliosikia. Fikirini, eneo zima limekaa miaka miwili bila Mkwaju! Baadaye nao waliupata. Nikipata mgeni wa Dodoma wa umri wangu huwa namuuliza kama alijua kwamba wenzake tulikuwa tunasikiliza, na wengi hawajui.

Tofauti ninayoiona ni barua. Watu waliandika Radio Tanzania, wakamkemea Mkwaju, wakamshauri Tunu. Mimi niliandika, na wanafunzi wangu waliandika. Hapakuwa na haja ya mtu kujua umelipa nini. Hao Netflix wana mahali pa kupokea barua?

Dada wa Njombe

Shikamoo mwalimu. Da' fundi pole.

Mnaongea kukatwa tu, hakuna anayeongea kuongezewa. Mimi nina Manifest. Ile ya ndege namba 828, abiria wanashuka wanaambiwa walipotea miaka mitano na nusu, wao wanaona ni masaa tu. NBC waliifuta Juni 2021 baada ya sizoni tatu. Wiki hiyohiyo ilikuwa imeingia Netflix Marekani na watu wakaivamia. Agosti 28 Netflix wakatangaza inarudi. Waliichagua makusudi tarehe hiyo, maana Wamarekani wanaanza na mwezi, kwa hiyo inasomeka 8/28. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni akidhani kuna msiba. Tukapewa sizoni ya nne yenye episodi 20, ikaisha Juni 2023. Jeff Rake aliibuni kwa sizoni sita, kwa hiyo kuna mambo yamebanwa na yanaonekana, lakini tulifika.

Sense8 nayo. Da' fundi hii ni yako kabisa, maana kati ya wahusika wakuu wanane mmoja ni Capheus, dereva wa matatu Nairobi, gari lake ameliandika Van Damn. Ilifutwa Juni 1, 2017, mashabiki wakasimama dunia nzima, mwezi huohuo haujaisha wakaahidiwa kipande cha kumalizia. Kikatoka Juni 2018, zaidi ya saa mbili. Ina mambo ya wakubwa, usiiwashe ofisini mbele ya huyo msichana. Na kama mwalimu anauliza barua, mwaka 2007 CBS walifuta Jericho na mashabiki hawakutuma barua, walituma karanga. Karibu tani 20! Wakarudishiwa episodi saba. Wenye kuitengeneza wakawa na akili, wakapiga miisho miwili, mmoja wa kuendelea, mmoja wa kufunga. Ilipofutwa tena 2008 wakaweka ule wa kufunga. Ningependa kila mtengenezaji afanye hivyo.

Ila kuna kuongezewa kunakoumiza, na hapa nitagombana na madereva wa Kabwe. Prison Break iliisha 2009. Michael, steringi wake, alikufa, tukaonyeshwa hadi kaburi, nikaomboleza kwa heshima zote. Mwaka 2017 wakamfufua kwa episodi tisa. Kwangu mimi sizoni ya tano haipo.

Kijana wa Kabwe, Mbeya

Dada wa Njombe, hata dereva akishushwa kituo cha mbali anataka afike na Michael akiwa hai. Mimi siwezi kuwaondolea ya tano, watanirudishia flash. Ila naelewa hoja yako, na lile kaburi hata mimi liliniuma.

Fundi wa Sokomatola, Mbeya

Mwalimu shikamoo, ndaga fijo kwa habari za Dodoma. Sikuzijua, na nimezisoma kwa sauti ofisini.

Tumekubaliana hivi sisi watatu. Sizoni mpya tukiipenda hatuisubiri. Tutachanga malipo ya mwezi na bando, tuiangalie ndani ya zile siku 28 mpaka majina yapite kama mdogo wangu wa Kihesa. Kama haijatafsiriwa tutaipanga wakati wa kupiga pasi na kufungasha, maana kusoma maandishi huku unashona haiwezekani. Hatutaweza kila mwezi. Mwezi wa sare, pengine.

Mindhunter siianzi, mwanangu wa Kabwe. Umeisifia vizuri na huyo Kemper nimeshamsikia kichwani, lakini mimi nikishamfahamu mtu nataka nijue ameishia wapi. Manifest niwekee zote nne, binti atapita Jumamosi na flash. Hakikisha sauti ya mtafsiri haijafunika ya waigizaji.

Na anayejua mahali pa kuwaandikia Netflix kuhusu Queen Sono aniwekee hapa. Nitaandika kwa Kiswahili, wao watafute wa kuwasomea.

Mwana Kihesa, Iringa

Dada, upo ukurasa. Ingia kwenye kituo chao cha msaada, utakuta sehemu ya kuomba vipindi na filamu. Inapokea majina hadi matatu kwa mara moja. Nimeshajaza Queen Sono na 1899, na nafasi ya tatu nimemwekea kijana wa Kabwe Mindhunter yake.